Transista Niliyoigeuza

Juni 2, Jumatatu

Redio imetangaza kwamba majira ya mvua yameingia rasmi. Kana kwamba kuna mtu hajui! Nguo zetu zina siku tatu zinaning'inia sebuleni na nyumba nzima inanuka uvundo. Naanza daftari hili kwa sababu klabu yetu ya saketi imepata kazi ya maana kwa mara ya kwanza: kutengeneza ving'ora kumi na vinne vya kuonya maji, kwa nyumba zilizo kando ya mto Otogawa, yangu ikiwemo. Mwalimu Nagatomo, mwenyekiti wetu, anataka mtu aweke kumbukumbu. Nani tena, kama si mimi, Fundi Hidaka, niliyetengeneza televisheni za mji huu miaka thelathini na mmoja?

Juni 4, Jumatano

Mvua. Vipuri vimefika kwa posta kutoka Akihabara, mtaa wa maduka ya elektroniki kule Tokyo, vyote salama.

Juni 7, Jumamosi

Tumekutana ukumbi wa mtaa, watu sita na birika la chai ya shayiri. Ubishi ulikuwa juu ya kinga. King'ora kinatumia betri mbili ndogo, jumla volti tatu. Wenye nyumba ni wazee, wengi hubadilisha betri bila miwani, na wakizigeuza chipu inaungua. Kwa hiyo lazima pawe na kitu kinachopitisha umeme upande mmoja tu.

"Dayodi ya kawaida, basi, kazi imekwisha," alisema Ebihara, kinyozi mstaafu ambaye hubisha hata na saa ya ukutani.

"Dayodi ya kawaida inakula karibu volti sifuri nukta saba, Bwana Ebihara," alisema Bi. Shiiba Michiyo. Huyu hufanya kazi jikoni kwenye supamaketi, huu ni mwaka wake wa pili klabuni, na huwa hasemi mpaka awe na hakika. "Tuna volti tatu tu. Betri zikichoka kidogo, maji yatapanda na king'ora kimenyamaza."

Mwalimu akapendekeza dayodi ya Shotki, inayokula chini ya nusu ya hiyo. Bi. Shiiba akasema hiyo ni nafuu, lakini ana wazo jingine, akakunjua mchoro. Alikuwa ameweka transista ya miguu mitatu, ile iitwayo mosfeti, mahali pa dayodi. Hiyo hula kidogo mno, kiasi ambacho mita yangu inaona haya kukionyesha. Kusema kweli nilipendezwa. Mtu anayekaanga viazi kutwa!

Ila alikuwa ameichora kinyumenyume.

"Bi. Shiiba, hapa ulisinzia," nikamwambia. "Mguu wa chanzo unakaa upande wa betri. Wewe umeutazamisha kwenye mzigo, upande wa chipu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikatoa kalamu nyekundu nikaugeuza. Hakuwa na la kusema. Alishukuru, akainamisha kichwa, akachora upya, nami nikagonga muhuri wangu kwenye kona, pale pa mkaguzi. Siku njema.

Juni 9, Jumatatu

Mvua. Mke wangu Kinue kakaanga biringanya. Goti linauma.

Juni 14, Jumamosi

Ving'ora vyote kumi na vinne vimekamilika. Tulivijaribu kimoja kimoja kwenye ndoo ya maji na vyote vililia, ukumbi ukawa kama shule imetoka. Bi. Shiiba akauliza kama tungejaribu kimoja na betri zilizogeuzwa. Nikamwambia tunaharibu betri bure na chai inapoa. Ebihara akamtania, "Mama, unamshuku Fundi?" Akatabasamu tu.

Tumevigawa mchana huo huo. Mjane Iwakiri, wa nyumba ya mwisho karibu na daraja, alikipokea kwa mikono miwili.

Juni 17, Jumanne

Mvua.

Juni 18, Jumatano

Mvua. Mto umekuwa wa rangi ya udongo lakini uko chini.

Juni 23, Jumatatu

Leo alfajiri imemwagika mvua ambayo sijaiona tangu mwaka ule daraja la zamani lilipokwenda na maji. Saa tatu asubuhi Mwalimu akapiga simu. Maji yaliingia jikoni kwa mama Iwakiri kupitia mtaro wa nyuma. Alishuka kwenda kuchemsha chai, akakanyaga maji asiyoyajua, akateleza, akavunjika kifundo cha mkono. Ana miaka themanini na mmoja. Alikaa chini ndani ya maji zaidi ya nusu saa mpaka muuza maziwa akamsikia.

King'ora hakikulia.

Juni 24, Jumanne

Nimeletewa king'ora chake ili nikipasue. Nilikaa nacho mezani baada ya chakula cha mchana, dirisha wazi, mvua ikinyesha. Betri zote mbili zilikuwa kinyume. Alizibadilisha Jumapili, aliambiwa na jirani kwamba ni vizuri kuweka mpya kabla ya mvua kubwa. Chipu ilikuwa imevimba katikati.

Mara ya kwanza nilisema moyoni: transista ilikuwa na kasoro. Nikaitoa nikaipima. Nzima. Nikatoa king'ora changu mwenyewe ukutani, nikakipima bila chipu, betri nimezigeuza. Umeme ukapita kana kwamba ndiyo njia yake.

Ndipo nikaichukua karatasi ya kiwanda inayokuja na transista, ile ambayo sikuisoma kwa sababu mimi ni Fundi Hidaka na transista nazijua. Ndani ya kila moja kuna dayodi ndogo iliyojificha. Hakuna aliyeiomba, imezaliwa nayo. Ukiitumia transista kama swichi, kama nilivyozibandika maelfu kwenye televisheni, unaweka mguu wa chanzo upande wa betri na ile dayodi haikusumbui. Lakini ukiitaka iwe kinga ya betri kugeuzwa, lazima uiweke kinyume chake, ili dayodi hiyo ielekee kule umeme unakotakiwa kwenda. Ikiwekwa kama mimi nilivyoiweka, betri zikiwa sawa kila kitu kinafanya kazi vizuri. Zikigeuzwa, dayodi iliyojificha inafungua mlango na chipu inaungua.

Bi. Shiiba alikuwa ameiweka sawa. Mimi ndiye niliyeigeuza.

Mwalimu alipiga simu saa kumi. "Fundi, umegundua nini?"

Nikamwambia, "Betri ziligeuzwa, na kinga haikufanya kazi."

"Kwa nini?"

"Bado natazama. Mchoro ni wa Bi. Shiiba."

Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake, na ni uongo mtupu. Kinue alikuwa anakata vitunguu, akainua kichwa akanitazama. "Mbona umeweka simu chini kama inakuunguza?" Nikamwambia goti linauma.

Juni 25, Jumatano

Nimesoma nilichoandika Juni 7. "Hakuwa na la kusema." Si kweli. Alisema mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Fundi, nimeigeuza makusudi." Mimi nikasema, "Makusudi ya nini, ya kutuunguza?" na ndipo watu walipocheka. Mara ya pili alianza, "Ile dayodi ya ndani..." nikawa tayari nimefungua kalamu nyekundu. Hata kwenye daftari langu mwenyewe, ambalo bado hajalisoma mtu, nilimziba mdomo.

Juni 26, Alhamisi

Mvua. Sikutoka.

Juni 28, Jumamosi

Nilikwenda ukumbini nikiwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikafika, nikavua viatu, nikakaa.

Ebihara alianza kabla Mwalimu hajafungua kikao. "Si nilisema mimi? Dayodi ya kawaida! Lakini watu wanataka mambo ya kisasa. Sasa mama wa watu kavunjika mkono."

Wote walikuwa wanamtazama Bi. Shiiba. Na mimi nilimtazama yeye, ili mradi nisiwe ninayetazamwa.

Akasimama, akainama mpaka nikaona kisogo chake. "Mchoro ni wangu," alisema. "Naomba radhi kwenu nyote."

Pale ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Palikuwa wazi kabisa, hata kikohozi kingetosha. Nikanywa chai.

Mwalimu akasema lazima kwenda nyumba zote kuomba radhi, na boksi la keki kila nyumba, kama inavyopasa, na kuwaambia watu wasiguse betri mpaka turekebishe. "Fundi, wewe ndiwe mkubwa wetu. Msindikize Bi. Shiiba, asiende peke yake." Halafu wakakubaliana kwamba tutarudi kwenye dayodi ya kawaida. Waliniuliza rai yangu. Nikasema ni salama zaidi. Mimi! Najua betri zilizochoka zinatoa volti mbili na nukta nne. Toa sifuri nukta saba, kimebaki kitu ambacho king'ora hakiwezi kulia nacho. Nimekubali watu wapewe king'ora bubu ili mimi nisiaibike.

Juni 30, Jumatatu

Nyumba kumi na tatu. Bi. Shiiba aliomba ruhusa kazini. Tulitumia gari langu, keki zikiwa kiti cha nyuma kwenye karatasi nyeupe, na mimi nikimshikia mwavuli. Kila mlango alibonyeza kengele yeye, akainama yeye, akasema yeye: "Mimi ndiye niliyechora. Nimewakosea." Na kila mlango watu walimwangalia yeye kwa jicho la pembeni, kisha wakanigeukia mimi.

"Fundi, pole, unahangaika kwa makosa ya wenzio!"

"Wakubwa kama wewe hawapo siku hizi."

Nyumba ya tano wakanipa matango. Nyumba ya nane, sharubati ya plamu. Niliinama nikasema "Hapana, hapana," na watu wakadhani ni unyenyekevu. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini haikupasuka, na mimi nikapokea matango.

Mama Iwakiri alikuja mlangoni na plasta yake ngumu, mkono umefungwa shingoni. Hakupokea keki.

"Wewe ndiye uliyekitengeneza?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nimekaa ndani ya maji nikikisubiri kilie. Unajua hilo? Nilikuwa nakitazama pale ukutani." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "King'ora kingine sikitaki. Na wewe usije tena."

Bi. Shiiba aliinama mpaka mama akafunga mlango, na akabaki hivyo hivyo baada ya kufungwa. Nilimshika bega. Nilithubutu kumshika bega!

Garini nilimuuliza, nusu nikitaka na nusu nisitake, "Mbona unajichukulia yote hivi?"

Alijibu huku akifuta miwani. "Kwa sababu nilijua, Fundi. Nilisoma karatasi ya kiwanda mara nne. Nilijua nimeiweka sawa. Halafu wewe ukaigeuza, watu wakacheka, nikasema labda Fundi anajua kitu nisichokijua. Nikachora nilichojua ni kibaya, nikaandika jina langu." Akavaa miwani. "Tena Jumamosi ile ya majaribio ningeweza kugeuza betri mwenyewe bila kuomba ruhusa. Sikufanya. Kwa hiyo ni langu."

"Kwa hiyo unajua ni mimi."

"Nilidhani nawe unajua."

Nikawasha gari, nikamfikisha kwake, akashukuru kwa usafiri. Alishukuru! Nimefika nyumbani nikaweka matango jikoni, Kinue akauliza yametoka wapi, nikaingia bafuni nikafunga mlango. Mzee wa miaka sitini na tisa, nalia huku bomba limefunguliwa ili mke wangu asisikie.

Julai 1, Jumanne

Mvua. Matango sikuyala.

Julai 2, Jumatano

Mvua. Bi. Shiiba amemwandikia Mwalimu kwamba Jumamosi atakuja mara ya mwisho, kurudisha funguo za kabati la klabu. Mwalimu amesema labda ni vyema.

Julai 3, Alhamisi

Nimemwambia Kinue. Alikuwa anakunja taulo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukunja taulo tatu zaidi, kisha akasema, "Yule mama wa supamaketi ananihifadhia mkate wa mwisho kila Ijumaa. Kesho nitakwenda kumtazama kwa uso gani?"

Nikasema nitasema Jumamosi.

"Ulisema hivyo kwa goti pia, kwamba utakwenda hospitali." Halafu hakuzungumza nami tena mpaka chakula cha jioni, na hata hapo alisema tu "chumvi."

Julai 5, Jumamosi

Redio inasema mvua kubwa inakuja kesho alasiri.

Niliingia ukumbini na king'ora changu mfukoni. Bi. Shiiba alikuwa ameweka funguo mezani mbele ya Mwalimu. Sikungoja kikao wala sikukaa, maana najijua, nikikaa tu chai inakuja.

"Kosa ni langu," nikasema. "Mchoro wa Bi. Shiiba ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyegeuza transista kwa kalamu nyekundu, na nimejua tangu tarehe ishirini na nne."

Unajua walifanyaje? Waliniangalia kwa upole. Mwalimu akasema, "Fundi, tunajua una moyo mzuri. Lakini si lazima umbebee kosa lake."

"Simbebei!"

"Fundi bwana," alisema Ebihara, na macho yake yakalowa kabisa, "mtu wa zamani. Anataka kumfichia aibu mwenzake."

Ama kweli! Nilikuwa nimejenga jina langu miaka thelathini na mmoja, na leo nataka kulibomoa na halibomoki. Nilimtazama Bi. Shiiba. Hakunisaidia, na hakupaswa.

Nikatoa king'ora mfukoni, nikazitoa betri, nikazirudisha kinyume mbele yao. Mwanzo hakuna kitu. Kisha ile harufu. Ebihara akasogeza kiti nyuma. Chipu ilitoa uzi wa moshi ukapanda mpaka kwenye taa.

"Hii ni kama nilivyochora mimi," nikasema. "Sasa tazameni alivyochora yeye."

Nikawasha chuma cha kulehemu. Mguu wa kati unabaki pale pale, kwa hiyo ni kung'oa transista tu, kuigeuza itazame upande wa pili, na kuibandika. Nilijiunguza kidole. Nikaweka chipu mpya kwenye soketi, betri zile zile, kinyume vile vile. Tukangoja. Dakika nzima, kwa saa ya ukutani. Hakuna moshi. Mwalimu akagusa chipu kwa kidole, ilikuwa baridi. Kisha nikaziweka betri sawa, nikatumbukiza waya ndani ya kikombe changu cha chai, na king'ora kikalia mpaka Ebihara akaziba masikio.

Nilipokizima hapakuwa na anayenitazama kwa upole tena.

"Tangu tarehe ishirini na nne," alisema Mwalimu polepole. "Kwa hiyo Jumatatu ulipita nyumba zote kumi na tatu..."

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza."

"Na nikapokea matango."

Ebihara alikuwa mwekundu mpaka upara. Alimgeukia Bi. Shiiba, akafungua mdomo, akaufunga, mwishowe akainama mpaka paji la uso likagonga meza. Mimi nilishuka chini kwenye mkeka na kufanya hivyo hivyo, viganja chini. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani.

"Inuka, Fundi," alisema Bi. Shiiba. "Nimekasirika sana. Jumatatu nilikwambia kila kitu ndani ya gari, na bado ulininyamazia siku tano. Sijui kama nitakusamehe. Lakini vimebaki ving'ora kumi na viwili kwenye nyumba za watu, na kesho alasiri mvua inakuja. Nani ana gari?"

Wote tulikuwa na gari. Alizichukua zile funguo mezani, akafungua kabati, akaanza kutoa vyuma vya kulehemu.

Julai 6, Jumapili

Jana tulimaliza nyumba tano kabla ya giza, na leo saba tangu saa kumi na mbili asubuhi. Yeye alibandika, mimi nilizungumza. Kila mlango nilisema jina langu na kosa langu, kwanza kosa, kisha siku za kunyamaza. Nilidhani mlango wa tatu au wa nne itakuwa rahisi. Haikuwa. Mwenye matango alisema tu, "Loo," akatazama pembeni.

Mama Iwakiri tulimwacha mwisho. Bi. Shiiba hakutaka kushuka garini, kwa sababu alikuwa ameambiwa asije tena. Nilikwenda peke yangu na king'ora kipya mkononi. Mvua ilikuwa imeanza. Nilisema yote mlangoni, nimeinama, nikiongea na kandambili zake.

Akauliza, "Yule mama yuko wapi?"

"Garini."

Akachukua mwavuli kwa mkono wake mzima, akanipita, akaenda mpaka kwenye gari akagonga kioo. Sikusikia walichosemezana. Niliona Bi. Shiiba akitoka na kuinama, na mama Iwakiri akimzuia asiiname, plasta ikimgonga begani. Wakarudi pamoja chini ya mwavuli mmoja. Mama akaupokea mkoba wa vifaa, akampisha Bi. Shiiba aingie kwanza, kisha akanigeukia.

"Atakiweka yeye," alisema. "Wewe subiri nje."

Akafunga mlango.

Nilisimama chini ya upenu. Ni mwembamba, bega moja lilikuwa linalowa. Nilisikia birika likiwekwa jikoni, vikombe, kisha sauti zao, kisha king'ora kikijaribiwa, kikilia vizuri sana. Nikajua sasa wanakunywa chai. Jirani mmoja akapita na mbwa wake, akasimama.

"He, Fundi Hidaka! Mbona uko nje na mvua hii? Hawajakukaribisha?"

Ningeweza kusema naangalia mtaro. Ndilo lililokuja kwanza mdomoni.

"Wameniacha nje makusudi," nikamwambia. "Ngoja nikueleze kwa nini."

Nikamweleza, tangu kalamu nyekundu.